Kiti Kilichonistaafisha

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Vuteni viti mkae, warithi wangu. Kaeni bila wasiwasi, vya chumba hiki vyote ni salama, na mkisoma karatasi hizi hadi chini mtajua kwa nini mstaafu mzima kama mimi analazimika kuwahakikishia jambo la namna hiyo.

Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Nina miaka kumi na saba na miezi minne, goti la kushoto linanilia nikipanda ngazi, na tayari nimeanza kusema "watoto wa siku hizi" nikiwaona nyinyi wa kidato cha kwanza mnavyopigania foleni ya maharagwe. Barua ya mwalimu mkuu inasema nimeacha kazi ili nijiandae kwa mtihani wa kidato cha nne. Ni barua nzuri, nimeibandika juu ya kitanda. Sababu ya kweli ni kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa ushauri. Kwa miaka miwili nilikuwa Mshauri Mwanafunzi wa shule yetu, cheo ambacho bibi yangu, kule nyumbani mtaa wa Shela, hapa Malindi, hajakielewa mpaka leo. "Wewe?" aliniuliza siku ya kwanza. "Watu wakuletee wewe siri zao? Kwani mtangazaji wa redio amekufa?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Sikuchaguliwa kwa busara. Nilichaguliwa kwa sababu nilikutwa nimesimama juu ya dawati nikimwiga mwalimu mkuu anavyohutubia: kikohozi, kidole, na ile "kwa hivyo basi" anayoisema mara tatu kabla hajajua anaelekea wapi. Darasa zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Kisha likanyamaza ghafla, nami kwa ujinga wangu nikadhani nimewagusa mioyo. Kumbe nyuma yangu alikuwa amesimama Mwalimu Mutheu.

Mwalimu Mutheu ni mtu wa bara, Mkamba, anatufundisha biolojia, na wakati ule alikuwa ndio kwanza arudi kutoka Mombasa alikopelekwa majuma mawili kusomea ushauri. Kwake kiti ni "hii kiti", nasi watu wa Malindi tulishamsamehe zamani. Nilingoja fimbo. Akasema, "Hebu rudia ile kikohozi." Nikarudia. Akafikiri. "Mtu anaweza kuiga mtu hivyo, huyo amemsikiliza. Kesho saa kumi uje kwa stoo."

Stoo ndiyo hiki chumba mlichoingia. Upande huu majembe ya shamba la shule, upande huu viti viwili, katikati kanga ya mama yangu ikiwa pazia. Mama bado anaitafuta. Mwalimu alikuja na njia tatu za kumsaidia mtu kuuona moyo wake mwenyewe, zimechapwa kwenye karatasi za stensili. Ya kwanza aliiita kioo: mtu akikwambia jambo humpi shauri wala humsimulii ya shangazi yako, unamrudishia alichosema ili ajisikie. Ya pili ni daftari: kila siku unaandika dakika kumi yanayokupita moyoni, bila kuinua kalamu. Ya tatu tutaifikia. Msinikimbize, mimi mzee.

Kioo nilikijaribu kwa Dama, wa darasani kwangu, aliyekuwa hasemi na dada yake kwa ajili ya viatu.

"Nina hasira," akasema.

"Una hasira," nikasema.

"Ndiyo. Nina hasira sana."

"Una hasira sana."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo ulivyosema."

Akanikazia macho. "We Zuhura, wanicheza shere?"

"Waona nakucheza shere."

Kofi lilivyolia, majembe yaliitikia. Mwalimu aliponiuliza kikao kilikwendaje nikamjibu kwamba mteja ameeleza hisia zake zote, hakubakisha.

Basi chukueni hili, limenigharimu shavu: rudisheni jambo, si maneno. Dama alitaja viatu, lakini kilichomkaa kooni ni dada. Ningemwambia, "Zamani mlikuwa mkiazimana, sivyo?", angelia palepale. Na mtu akilia, msikimbilie kumpa leso. Leso nayo ni namna ya kumwambia mtu anyamaze. Ngojeni aitafute mwenyewe.

Daftari nililijaribia kwangu, maana mganga lazima aonje dawa. Niliandika majuma mawili, kweli tupu, nikalificha nyuma ya gunia la mchele. Nilisahau kwamba kulikuwa na maulidi. Bibi alilikuta. Bibi yangu anasoma herufi za Kiarabu bila kubabaika, lakini hizi zetu hazijui, kwa hivyo alidhani ni barua ndefu kutoka kwa ami yangu aliyeko Maskati. Akamwita jirani amsomee kwa sauti, pale barazani, mbele ya wanawake tisa wanaochambua mchele. Walianza na ukurasa wa Bibi anavyokoroma. Bibi akasema huyu ami ameanza kuchanganyikiwa huko. Ukurasa wa tano ulimhusu jirani mwenyewe, na masikini alisoma sentensi mbili nzima, kwa lafudhi nzuri kabisa, kabla hajajitambua.

Kwa hivyo: daftari la moyo huandikwa, halafu huchanwa. Faida yote iko kwenye kuandika. Hasara yote iko kwenye kuhifadhi.

Haya. Sasa Karisa.

Karisa ni wa kidato cha pili, Mgiriama, kwao ni vijiji vya nyuma ya Gongoni. Muhula huu ulipofunguliwa Mwalimu aliniletea, akasema, "Ongea na huyu. Kuna kitu." Nikaongea naye Jumanne tatu. Nilikuwa mshauri mwenye uzoefu sasa, na kalamu sikioni.

"Hujambo Karisa?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Wazazi?"

"Salama."

"Masomo?"

"Salama tu."

Nikaandika: nyumbani njema, wazazi salama, masomo salama, mteja hana tatizo. Jumanne ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, na mwandiko wangu umezidi kupendeza. Mwalimu Mutheu akasoma ripoti zote tatu amesimama, akavua miwani.

"Zuhura. Baba ya Karisa alikufa wakati wa likizo."

"Lakini amesema wazazi salama."

"Alikufa, Zuhura."

"Nimemuuliza mara tatu, Mwalimu! Kwa heshima zote!"

Akakaa juu ya rundo la majembe. "Nyinyi watu wa huku mnaishi namna gani? Kwetu mtu akifiwa anasema amefiwa."

Jibu nilikuwa nalijua tangu nimezaliwa. Huku kwetu habari huwa njema kwanza. Mtu ana maiti ndani, ukimwuliza habari za asubuhi atakwambia njema, utaulizia watoto, njema, utaulizia kazi, njema, ndipo atakapovuta pumzi na kusema, "Ila tu mzee ametutoka alfajiri." Mtoto wa miaka minne anajua kungoja ile "ila". Mimi nilikuwa nikiijua mpaka nilipopewa cheo. Nikawa nachukua salamu naziandika kama matokeo ya uchunguzi, kisha namfungulia mtu mlango aende. Nilipomsimulia Bibi, alicheka hadi akajishika ubavu. "Salamu zikiisha ndipo mazungumzo yaanzapo. Wewe wamuaga mtu hata ndani hajaingia!"

Mwalimu hakucheka, kwa sababu kulikuwa na zaidi. Baba mdogo wa Karisa, afanyaye kazi ya chumvi Gongoni, alikuwa amefika ofisini. Amemtafutia Karisa nafasi kwenye mashamba ya chumvi. Atakuja kumchukua Ijumaa ya juma lifuatalo, na shule basi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita Karisa akamuuliza, unataka kwenda? Karisa akasema, "Sawa." Unataka kubaki? "Sawa."

"Mwalimu mkuu hawezi kuzuia mtu anasema sawa," Mwalimu akaniambia. "Tuko na siku kumi. Mimi sijui anataka nini. Akisema anataka chumvi, aende na baraka zangu. Lakini aseme yeye. Asichukuliwe tu kama gunia."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, nayo ilikuwa moja tu: Karisa aseme anachotaka kabla ya Ijumaa.

Nilimwita. Tukasalimiana, zikaisha, nikangoja. Nilingoja hadi nikayahesabu majembe yote, yakawa thelathini na mawili. Karisa akasema, "Baba amefariki." Nikasema pole. Akasema ahsante. Nikangoja tena, majembe yakawa thelathini na moja. "Na Gongoni, wataka kwenda?" Akasema, "Sawa."

Nikampa daftari. Alilirudisha siku ya Jumatatu. Ameandika kila siku, kwa mwandiko safi, mstari mmoja: *Leo sina.*

Zilikuwa zimebaki siku nne, na ile njia ya tatu.

Sasa ile karatasi ya njia ya tatu ilikuwa na mkosi wake. Mwalimu alipokuwa akirudi kutoka Mombasa, alisimama ukingoni mwa feri ya Kilifi kutazama maji, kama watu wa bara wafanyavyo, na wimbi likamlowesha begi. Wino ukatapakaa. Ilibaki mistari michache tu ya juu: *Weka kiti kitupu. Mwambie mteja kwamba mtu wake ameketi hapo. Mwache aseme naye. Kisha*. Baada ya "kisha", ni buluu tupu.

"Kisha nini, Mwalimu?"

"Nimesahau. Ilikuwa saa ya mwisho, nilikuwa nasinzia. Lakini ilisaidia watu. Mimi mwenyewe waliniketishia mama yangu, na nililia."

Mimi nikaona "kisha" tutaijua tukifika.

Jumanne saa kumi nikaleta kiti cha tatu, cha chuma chenye mbao mbili kama vingine vyote, nikakiweka mbele ya Karisa. Nikakipangusa na upindo wa sketi. Nikajikohoza kama mwalimu mkuu.

"Karisa. Waona kiti hiki?"

"Naona."

"Hapa ameketi baba yako."

Karisa akasimama wima. Akakitazama kiti, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja hadi kwenye pazia.

"Umemwita?"

Hapo ndipo ningesema ni mfano tu, ni mchezo wa kitabuni. Lakini nilikuwa mshauri mwenye uzoefu. "Nimemwita, ndiyo. Sema naye."

"Umemwita na nini?"

"Na nini vipi?"

"Umemmwagia nini? Tembo la mnazi? Maji na unga?"

"Sikummwagia kitu. Nimemwita tu."

Nimeshuhudia watu wakinikasirikia, mnamjua Dama. Lakini sijaona mtu akinitazama kwa huruma ile. "Umemwita mzee aliyekufa, mkavumkavu hivi," akasema polepole, "umemketisha na majembe?" Akainama mbele ya kiti, akasema neno moja kwa Kigiriama, neno la heshima, akatoka nje kinyumenyume.

Kufikia Jumatano saa nne shule nzima ilijua kwamba Zuhura amemwita marehemu na marehemu amekuja. Na jioni ile Mzee Charo, fundi wetu wa shule, ambaye hakuna mtu aliyemwambia lolote, aliingia stoo akavichukua viti vyote vitatu akavipeleka ukumbini, kwa sababu kidato cha pili walikuwa na jaribio la hesabu asubuhi na viti havikutosha.

Mnavijua viti vya shule hii. Vimezaliwa tumbo moja.

Alhamisi asubuhi nikaitwa ukumbini mbio. Wanafunzi themanini wamesimama nyuma ya viti themanini. Wa kanisani wanakemea, wa chuo cha Kurani wananong'ona tulichofundishwa na maalimu, wenye vyote viwili wanafanya vyote viwili, na hakuna aliyekaa. Imani zilikuwa nyingi. Makalio yote yalikuwa na imani moja. Mwalimu Mutheu yuko mlangoni na karatasi za jaribio mkononi. Mwalimu mkuu, ambaye ni mzee wa kanisa, amesimama jukwaani, anatoka jasho.

"Kwa hivyo basi, Zuhura," akasema. "Kwa hivyo basi. Kiti ni kipi?"

Nilipita safu kwa safu, mikono nyuma. Nilinusa kimoja. Nilitaka tu mambo yaishe, kwa hivyo karibu na dirisha nikakiona kimoja kilichopotewa na msumari, nikakinyooshea kidole. "Hiki."

Watu themanini wakashusha pumzi.

"Si hicho," sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa Karisa.

"Wewe unakijua?" akauliza mwalimu mkuu.

"Hakuna kiti, mwalimu. Baba hakai mahali hajakaribishwa. Yuko nje, anangoja. Ameitwa na hajaambiwa alichoitiwa."

Nusu ya darasa wakasogea mbali na mlango. Mwalimu Mutheu hakusogea. Alikuwa akimtazama Karisa, maana tangu shule ifunguliwe kijana huyu hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

"Kwa hivyo... tufanye nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Aambiwe, aende zake."

Mwalimu mkuu akatazama dari, akatazama saa, na nadhani akamtazama Mungu pia. "Dakika ishirini. Na isiwe ndani ya ukumbi."

Mwalimu Mutheu akanishika bega. "Nenda naye. Na Zuhura, funga mdomo."

Tulikwenda nyuma ya jiko, Karisa, mimi na Mzee Charo, tuliyemwita kwa kuwa naye ni Mgiriama. Mzee Charo alileta kikombe cha maji na konzi ya unga wa sima. "Ilifaa iwe tembo," akasema, "lakini ataelewa. Ajua hapa ni shule." Karisa akachutama, akatia unga kwenye maji, akamwaga kidogo mchangani.

"Taireni," akasema, kama Wagiriama wafunguavyo maombi.

"Za Mulungu," akaitikia Mzee Charo.

Kisha akaanza kusema na baba yake. Alisema Kigiriama, nami nakisikia. Hukui ukinunua mboga soko la Malindi usikisikie. Kwanza alimweleza kwamba si yeye aliyemwita, ni msichana wa mjini asiyejua kitu, asamehewe. Mzee Charo akaitikia, "Ee." Nami pia nikaitikia ndani ya moyo, ilikuwa kweli.

Kisha akasema, "Baba, siku ile ulipokuja getini."

"Ee," akasema Mzee Charo.

Baba yake alikuwa mgema. Muhula uliopita alishuka kutoka kwenye minazi ya watu alfajiri, akachuma madafu, akaja nayo kwa miguu kumwona mwanawe, kotama yake ya kugemea kiunoni, shati limelowa tembo. Wanafunzi walikuwa wamejaa getini. Msichana mmoja mkubwa akauliza kwa sauti, watu wakacheka, "Ni nani huyo anukaye tembo?" Na Karisa akajibu, "Muuza madafu tu."

"Ulisikia," Karisa akamwambia baba yake. "Nilikuona umesikia. Na hukunitia aibu. Ukaweka madafu chini ukaita, 'Karibuni madafu, wanafunzi!' Ukawauzia yote, hata hukunitazama, ukaenda. Sikukuona tena."

"Ee," Mzee Charo akasema, polepole zaidi.

"Shule hii ulinileta wewe. Nikakukana mlangoni mwake. Ndiyo maana nimesema sawa, niende nikavunje chumvi. Niliona ndiyo haki yangu." Akamwaga maji yaliyobaki. "Lakini chumvi siitaki, baba. Nataka kusoma. Nisamehe, nataka kusoma."

Mzee Charo hakuwahi kwenda Mombasa kusomea kitu. Zile "ee" zake tano au sita ndizo nilizokuwa nikizitafuta kwenye stensili miaka miwili.

Nami nilikuwa nimefunga mdomo, wallahi, kwa mara ya kwanza maishani, lakini si kwa utiifu. Nilikuwa nalikumbuka lile dafu. Lilikuwa baridi, limekatwa vizuri. Nilimwambia mzee anipunguzie, akanipunguzia.

"Karisa," nikasema. "Yule msichana..."

"Najua."

"Wajua?"

"Nilikuwepo," akasema. "Niliona uso wako."

"Tangu siku ile wajua ni mimi? Na ukakubali kuja kwangu Jumanne zote hizi?"

"Nilitaka kuona kama utakumbuka."

Kuna watu waliowahi kunipiga kofi, na wapo walionisoma barazani. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nikasema nisamehe. Karisa akaonyesha mchanga uliolowa. "Mwombe mwenyewe. Hajaenda bado."

Mimi ni mtoto wa Kiislamu, ya kwao siyajui. Nikafanya ninalolijua: nikamtolea salamu, kama tunavyotoa tukipita makaburini. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia dafu lake lilikuwa tamu, na aliyekuwa akinuka siku ile ni mimi. Kisha Mzee Charo akakung'uta kikombe. "Haya, ameridhika, ameenda. Kafanyeni hesabu."

Tulirudi, Karisa akavuta kiti cha karibu akakaa, na wengine wote wakakaa. Alipata kumi na moja kwa hamsini. Ushauri hausaidii kila kitu.

Ijumaa baba yake mdogo alifika, mtu mwembamba, mkimya, kofia mkononi. Mimi niliitwa ofisini pia, maana barua yangu ya kustaafu ilikuwa mezani ikingoja saini, na mwalimu mkuu alipenda nione akiitia. Tulikuwa watano: wao wawili, Karisa, Mwalimu Mutheu na mimi.

"Mwalimu asema una neno," baba mdogo akamwambia Karisa.

Karisa akaitazama ile kofia. Nikahisi mdomo wangu ukifunguka wenyewe kumsaidia. Mwalimu Mutheu akanifinya kiwiko.

"Baba," Karisa akasema mwishowe, "chumvi siitaki."

"Huitaki?"

"Siitaki. Nataka shule."

"Mbona nilikuuliza ukasema sawa?"

"Nilisema sawa."

"Mara tatu nimekuuliza!"

"Mara tatu, baba."

Yule mtu akaweka mikono yake juu ya meza, viganja juu. Ilikuwa imepasukapasuka hadi ndani, na kwenye kila mpasuko kuna weupe usiotoka. "Mwalimu, itazame. Ni nani amtakiaye mtoto wa ndugu yake hii? Nilidhani yeye ndiye anataka! Nimemwangukia nyapara miguuni, nimwombee nafasi ambayo nyumbani kwetu hakuna hata mtu mmoja aitakayo." Akapumua. "Asome. Minazi aliyokuwa akigema baba yake nitaigema mimi siku za mapumziko, mama yake hatalala njaa. Kumbe ni hilo tu."

Kisha akanigeukia. "Ndiwe uliyemketisha ndugu yangu kitini?"

"Ndimi, baba. Nisamehe."

"Kitini!" akasema. "Ndugu yangu hakukaa kitini maisha yake yote. Kwa wakwe alisimama. Kwa chifu alisimama. Chakula alikula amesimama, kama mtu aliyeitwa juu ya mnazi. Siku ya arusi yake tulimkalisha watu wawili, huku na huku, tumemshika!"

Karisa akacheka. Kilimtoka tu, kicheko cha puani, kisha kikakubali kuwa kicheko kamili, kisha katikati yake kikageuka, akawa analia kwa sauti kama mtoto mdogo, na baba yake mdogo akamvuta kifuani kwa ile mikono. Hakuna aliyetoa leso.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kalamu juu ya barua yangu. Hakutia saini bado. Akanitazama mimi, kwa kuwa kwa dakika chache zilizobaki mimi ndiye niliyekuwa mshauri, akingoja niseme neno la kufaa.

Nilikuwa nayo maneno kama kumi na tano hivi, mengine mazuri sana.

Nikanyamaza.